Wasiwasi wa mzazi na mtoto mdogo mwenye mtindio wa ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtoto akigunduliwa kuwa na mtindio wa ubongo, kila mtu humwangalia yeye: misuli yake, kichwa chake, dawa zake. Ni nadra mtu kumgeukia mama au baba na kumuuliza analalaje. Kurasa hizi zimeandikwa kwa imani moja: hali ya moyo wa mzazi ni sehemu ya matibabu ya mtoto, na inastahili kuulizwa, kupimwa na kusaidiwa kama nyonga au kifafa.

Mtindio wa ubongo ni nini hasa?

Ni hitilafu ya mwendo, mkao na nguvu za misuli inayotokana na ubongo kuumia, au kutokukua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya uhai. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili: misuli iliyokakamaa hufupika, nyonga huweza kuteguka polepole, mgongo huweza kupinda. Ndiyo maana mtoto huendelea kufuatiliwa kliniki miaka nenda miaka rudi.

Wengi wao hukakamaa misuli. Wengine mwili hujinyonga bila wao kutaka, na wachache hukosa mizani. Si usonji, wala si lazima akili iwe na upungufu. Takriban nusu ya watoto hawa hawana upungufu huo. Robo hivi wana kifafa, robo hawawezi kusema, na watatu kati ya wanne wanaishi na maumivu. Takwimu hiyo ya mwisho ikumbukwe, kwa sababu mara nyingi maumivu huitwa ukorofi.

Je, ni mimi niliyesababisha?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na kwa kawaida na mama. Katika miaka ya 1860 daktari Mwingereza William John Little alieleza kwamba hali hii hutokana na uzazi mgumu, na maelezo hayo yakatawala kwa zaidi ya karne moja. Sigmund Freud, aliyekuwa daktari wa mishipa ya fahamu kabla ya kujulikana kwa nadharia zake za nafsi, alikwisha kusema mwaka 1897 kwamba pengine uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya tatizo lililoanza tumboni. Leo tunajua njia ni nyingi: kuzaliwa kabla ya wakati, maambukizi, damu kukosa njia katika ubongo wa kichanga, manjano kali isiyotibiwa, kasoro za kijeni. Mara nyingi ni mambo kadhaa yaliyoungana, na mara nyingine chanzo hakipatikani kabisa.

Nalitaja hili mapema kwa sababu hatia huingia katika malezi. Mzazi anayejilaumu hulea kama mtu anayelipa deni: hamkatazi mtoto chochote, hampi nafasi ya kuhangaika na jambo, na hajiruhusu mwenyewe kupumzika.

Atatembea?

Ni haki yako kujibiwa. Watoto wawili kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo hutembea, baadhi bila kifaa na baadhi kwa magongo au kitembezi. Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe bila kushikiliwa anapofikisha miaka 2 ana matumaini makubwa ya kutembea. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake, kupitia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, walitoa mfumo wa ngazi 5 za uwezo wa mwendo. Wa ngazi ya 1 hutembea na hata kukimbia, ingawa si kwa wepesi wa wenzake. Wa ngazi ya 5 huhitaji msaada hata kukiweka kichwa chake sawa. Muulize mtaalamu: mwanangu yuko ngazi ya ngapi? Kabla ya miaka 2 jibu linaweza kubadilika. Baada ya hapo hutulia zaidi.

Nimeliweka swali hili katika ukurasa wa wasiwasi kwa makusudi. Kutojua huchosha kuliko habari nzito. Zamani wazazi wengi walingoja mpaka mtoto afikishe mwaka mmoja hadi miwili ndipo waambiwe jina la hali yake, ilhali mama alikwisha kuona tangu miezi ya mwanzo kwamba mkono mmoja haufunguki. Mwaka 2017 jopo la kimataifa lililoongozwa na Iona Novak wa Australia lilionyesha kwamba utambuzi unawezekana hata kabla ya miezi 6, umri ukihesabiwa tangu tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa. Ukiona dalili na ukaambiwa "tusubiri tuone," uliza unasubiri nini hasa, na mpaka lini.

Nitajuaje kama wasiwasi wangu umepita kiasi?

Mwanasaikolojia Charles Spielberger na wenzake walichapisha mwaka 1970 kipimo cha wasiwasi chenye maswali 40. Nusu yake huuliza unajisikiaje sasa hivi. Nusu nyingine huuliza wewe kwa kawaida ni mtu wa namna gani. Mgawanyo huo unafaa hata bila karatasi. Kuna mzazi ambaye moyo humwenda mbio siku ya kliniki, au mtoto anapopata degedege, kisha hutulia. Kuna mwingine ambaye hajawahi kutulia, na alikuwa hivyo hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Wa kwanza anahitaji habari na mtu wa kumshika mkono siku ile. Wa pili anahitaji msaada wake mwenyewe, wa muda mrefu zaidi.

Angalia haya. Mtoto amelala, wewe huwezi. Unaamka tena na tena kusikiliza anavyopumua ingawa hakuna aliyekushauri hivyo. Huwezi kumwachia mtu mwingine hata kwa saa moja. Umeacha kutoka naye kwa kuogopa macho ya watu. Unafoka kwa jambo dogo, kisha unalia. Yakidumu kwa wiki kadhaa na kukuzuia kuishi, nenda ukamwone mhudumu wa afya kwa ajili yako, si kwa ajili ya mtoto.

Ni mdogo mno. Anajuaje kama nina hofu?

Anaisoma usoni. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake huko Marekani waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza ya kioo ambayo chini yake palionekana kama pana shimo la kina kidogo, na ng'ambo alikuwa mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Hakuna aliyesema neno.

Watoto wale hawakuwa na mtindio wa ubongo. Mwenye mtindio wa ubongo anasoma uso vilevile, na zaidi ya hapo anaisoma mikono. Yeye hubebwa, hugeuzwa, hulishwa, huvishwa na kuoshwa kwa muda mrefu kuliko watoto wengine, na mikono yenye hofu ina namna yake: inashika kwa nguvu, inaharakisha, inamaliza kazi kabla yeye hajaanza. Na mwili wake una udhaifu mmoja ambao wengi hawajaelezwa: mshtuko na hisia kali huongeza kukakamaa, na kwa wale ambao mwili hujinyonga, huongeza kujinyonga.

Chukua mlo mmoja. Mama anakumbuka jinsi mtoto alivyopaliwa jana. Anaharakisha kijiko ili jambo liishe. Mtoto anashtuka, anajipinda kwa nyuma, kidevu kinainuka, na katika mkao huo ndipo chakula huingia njia ya hewa kwa urahisi. Anapaliwa. Sasa mama ana sababu mpya ya kuogopa, na mlo unaofuata unaanza na hofu kubwa zaidi. Hapa hakuna mwenye kosa. Wasiwasi na misuli vimefungana, na mahali rahisi pa kuukata mzunguko huo ni upande wa mtu mzima. Mkalishe wima, kichwa katikati na kimeinama mbele kidogo, nawe keti usawa wa macho yake. Leta kijiko kutoka mbele, si kutoka juu. Ngoja ameze kabla ya kijiko kingine. Ngoja kweli.

Lakini akikohoa karibu kila mlo, sauti ikibaki na majimaji baada ya kumeza, au akiugua kifua mara kwa mara, hilo halitibiwi kwa utulivu wa mama. Anahitaji kuchunguzwa namna anavyomeza.

Kumlinda kupita kiasi ni kosa gani, ikiwa kweli yuko hatarini?

Hofu yako ina msingi. Mtoto mwenye kifafa haachwi peke yake majini hata kwa dakika moja. Chakula kigumu huweza kumziba koo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuambia uache kulinda katika hayo.

Tatizo ni pale ulinzi unapotoka kwenye hatari na kuenea kwenye kila kitu. Soksi haina hatari. Kuangusha kijiko hakuna hatari. Kulala kifudifudi sakafuni akihangaika kuufikia mpira, huku ukimwona, hakuna hatari, ingawa anaguna na wewe roho inakuuma. Robert Perske, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuwatetea watu wenye ulemavu wa akili, aliandika mwaka 1972 juu ya heshima iliyomo katika kumruhusu mtu kujaribu jambo linaloweza kushindikana. Kumnyima mtoto nafasi hiyo ni kumwambia, bila kutamka, kwamba tumekwisha kuamua hawezi.

Na kuna sababu ya kitabibu ambayo naiona nzito kuliko zote. Mapitio ya tafiti za tiba yanaonyesha kwamba mazoezi yanayofaa zaidi ni yale ambayo mtoto mwenyewe anauanzisha mwendo, kwa lengo analolitaka yeye, tena na tena, katika shughuli za kweli za siku. Kunyooshwa na kukunjwa na mtu mwingine huku yeye amelala tu hakumjengei uwezo mpya wa kutenda. Kwa hiyo mama anayemvika mtoto haraka kwa huruma anaokoa dakika chache na kuchukua zoezi ambalo mtaalamu angelilipia jasho. Ubongo ulioumia unachelewa kupanga mwendo. Mkono unaoonekana umetulia huenda uko njiani. Kabla ya kumsaidia, hesabu kimyakimya hadi 10. Kama hajaanza, saidia mwanzo tu, umwachie mwisho: wewe vuta soksi mpaka kisiginoni, yeye amalizie.

Asubuhi zenye haraka mvike wewe, bila kujilaumu. Chagua jambo moja la siku ambalo ni lake.

Je, nimuwekee mipaka kama wengine?

Ndiyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na methali hiyo haikumtoa nje mtoto mwenye ulemavu. Akipiga, akatazwe. Akitupa kitu, asaidiwe kukiokota. Ila kabla ya kuita jambo utovu wa adabu, hakikisha hana maumivu, hana choo kigumu, hakukaa mkao mmoja muda mrefu, na kwamba ana njia ya kukuambia anachotaka. Asiyeweza kusema hupiga kelele kwa sababu ndiyo lugha aliyo nayo. Viboko na kufoka humkakamaza mwili na havimfundishi kitu.

Wenye watoto walio na ulemavu mkali zaidi ndio wenye wasiwasi zaidi?

Si lazima, na hili huwashangaza wengi. Mwaka 2005 Parminder Raina na wenzake walichapisha utafiti wa walezi 468 wa watoto wenye mtindio wa ubongo katika jimbo la Ontario, Kanada. Yaliyoonekana kuathiri sana afya ya walezi ni tabia ya mtoto, uzito wa kazi ya kumhudumia, na jinsi familia inavyoshirikiana. Utafiti mwingine uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya ukachapishwa 2011 ulikuta kwamba wazazi wengi walikuwa wakimudu vizuri, lakini robo hivi walikuwa na msongo mkubwa sana, hasa pale mtoto alipokuwa na shida ya kuwasiliana au maumivu.

Tazama mambo hayo: tabia, maumivu, mawasiliano, kugawana kazi nyumbani. Jeraha la ubongo halifutiki, ila haya yote yanafanyiwa kazi. Ubao wa picha wa kuonyesha "nataka" na "sitaki" unaweza kuwa dawa ya wasiwasi wa mama.

Watoto wale wale wa Ulaya walifuatiliwa hadi ujanani, na matokeo ya 2015 yakaonyesha kwamba msongo wa mzazi utotoni ulihusiana na jinsi kijana alivyoyaona maisha yake baadaye. Hilo lisisomwe kama lawama. Ni hoja ya kumpelekea yeyote anayesema hakuna muda wa kumhudumia mzazi.

Je, wasiwasi ndio unaoleta malezi mabaya, au kinyume chake?

Mitazamo ya wazazi imepimwa kwa muda mrefu. Earl Schaefer na Richard Bell walitoa dodoso lao mashuhuri mwaka 1958, na matoleo yake bado yanatumika kuuliza juu ya kulinda kupita kiasi, ukali, mivutano ya ndoa na usawa ndani ya nyumba. Wasiwasi mkubwa huambatana mara nyingi na kulinda kupita kiasi na kutaka kuongoza kila kitu. Lakini tafiti nyingi hupima mara moja tu, na kipimo cha mara moja hakiwezi kusema kipi kilitangulia. Mtoto aliyekosa usingizi humtia mzazi wasiwasi. Mzazi mwenye wasiwasi humkosesha mtoto utulivu. Yote mawili ni kweli katika nyumba moja, usiku mmoja.

Kukubali hali yake si ni kukata tamaa?

Hapana. Robert Marvin na Robert Pianta waliwahoji akina mama wa watoto wenye mtindio wa ubongo kuhusu siku walipopewa habari, na mwaka 1996 wakaeleza walichokuta. Mama aliyekuwa ameipokea habari ile, yaani anaweza kuisimulia bila kuzama ndani yake wala kuikana, mara nyingi zaidi alikuwa na mtoto anayemtegemea kwa utulivu na kufarijika kwake. Mama aliyebaki akitafuta mkosaji, au akiamini madaktari wamekosea, alikuwa na uhusiano wenye mashaka zaidi na mwanawe. Sababu inaeleweka: macho yaliyokwama kwa mtoto aliyetarajiwa hayamwoni vizuri aliyepo.

Kupokea hakumaanishi huzuni imekwisha. Simon Olshansky aliandika mwaka 1962 kwamba huzuni ya mzazi wa aina hii hurudi kwa vipindi, na kwamba hilo ni jambo la kawaida kwa binadamu. Hurudi siku ya kuzaliwa, siku watoto wa rika lake wanapoanza shule, siku mdogo wake anapomtangulia kutembea. Ikirudi, haina maana umeanguka.

Nimesikia kuna tiba inayoponya kabisa. Nijaribu?

Hakuna tiba inayoponya mtindio wa ubongo. Zipo zinazosaidia kwelikweli: mazoezi yenye lengo, dawa za kulegeza misuli, upasuaji kwa wanaouhitaji, viti na vifaa sahihi, dawa za kifafa. Anayeahidi kuponya anauza kwa mtu ambaye hofu imemnyima usingizi, na anajua hivyo.

Mfano mmoja unafundisha mengi. Wazazi walikuwa wakiamini sana oksijeni ya kwenye chumba cha shinikizo. Jean-Paul Collet na wenzake huko Quebec, Kanada, waliwagawa watoto 111: baadhi walipewa oksijeni hiyo, wengine hewa ya kawaida iliyoshinikizwa kidogo. Matokeo yalichapishwa 2001. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kati yao. Inawezekana sana kwamba kilichosaidia ni saa zile ndefu za kuwa pamoja na matumaini ya wazazi yaliyowafanya watarajie zaidi kutoka kwa mtoto. Hayo hayahitaji mashine.

Mume wangu anasema namdekeza, nami naona yeye ni mkali. Nani yuko sahihi?

Mara nyingi mmoja huwa mlinzi na mwingine huwa mkali kwa sababu ile ile ya hofu. Nendeni kliniki pamoja hata mara chache, ili maelezo yasifike kwa baba kupitia kinywa cha mama aliyechoka. Kisha kubalianeni jambo moja dogo ambalo wote mtalifanya kwa namna moja, kwa mfano jinsi ya kumkalisha wakati wa kula. Baba, bibi na shangazi wafundishwe kumlisha na kumbeba. Mama akiwa peke yake anayeweza, hatalala kamwe.

Ni msaada gani unaofanya kazi?

Mafunzo ya malezi yana ushahidi. Mwaka 2014 Koa Whittingham na wenzake nchini Australia walieleza jaribio kwa familia za watoto wenye mtindio wa ubongo: mafunzo ya malezi yalipunguza matatizo ya tabia kwa watoto, na yalipoongezewa mbinu za kuzipokea hisia nzito bila kupigana nazo, malezi yenyewe yaliboreka zaidi. Vikundi vya wazazi husaidia kwa njia ambayo mtaalamu hawezi, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usingizi wa zamu husaidia. Kuambiwa na mtaalamu jambo moja la kufanya nyumbani, badala ya kumi, husaidia mno. Kama umepewa kumi, omba akuchagulie moja.

Ukifikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto, mwite mtu aliye karibu akae naye na uende hospitali siku hiyo hiyo. Wazazi wengine wamefika hapo na wakasaidiwa.

Nimwambie nini mwenyewe akianza kuuliza?

Mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake, mapema kabla hajaambiwa na wenzake. Huna haja ya kujiandaa kwa maisha ya huzuni kwa niaba yake: watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye mtindio wa ubongo waliohojiwa wenyewe barani Ulaya, katika utafiti uliochapishwa 2007, waliyaelezea maisha yao kuwa mazuri karibu sawa na watoto wengine. Wa miaka 4 anaweza kuelewa: "Ubongo wako uliumia ulipokuwa mchanga sana, kwa hiyo miguu yako inachelewa kukusikia. Hukufanya kosa." Akiuliza kama itapona, sema haitapona, na kwamba mtaendelea kutafuta pamoja njia zake za kufanya anayoyataka. Kisha muulize leo anataka kufanya nini.